Kitanzi cha Lastiki

Ngazi za ofisi ya kampuni ya mabomba zilikuwa zimeshamzoea mama huyu. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuzipanda, mwanawe mgongoni, wifi yake nyuma amebeba magongo na mdomo wake. Mtoto wa miaka tisa si wa kubebwa tena, lakini mguu wa kulia ulikuwa na plasta kuanzia pajani, na lifti, alivyosema bawabu, ilikuwa inasubiri fundi tangu mwaka juzi.

“Pumzika basi, utaanguka naye,” wifi akasema.

“Nikikaa sitasimama tena.”

“Haya. Mtoto umpe baiskeli wewe, umtume wewe, aanguke, halafu wakulipe wao. Sijui unapata wapi uso.”

Pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa ya ngazi tu.

Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Siku ya ajali alimtuma binti yake apeleke sketi tatu kwa mteja. Mtoto huyo, waliyemwita Chiriku kwa sababu hata usingizini alikuwa anaongea, akateremka na baiskeli hadi kwenye mtaro uliochimbwa na kampuni ukaachwa wazi, hauna kamba wala kibao. Mguu ukavunjika. Sasa mfupa ulikuwa umeunga upande, na daktari alisema usipofunguliwa na kutiwa chuma, mtoto atachechemea maisha yake yote. Chuma hicho ndicho kilichokuwa kinampandisha ngazi.

Jambo moja hakumwambia mtu. Springi ya breki ilikuwa imelegea, breki ikawa inaburuta gurudumu, na Chiriku analalamika baiskeli nzito. Mama akakata lastiki ya kiuno cha sketi, akashona kitanzi, akaivuta breki nyuma hadi kwenye fremu. Akabana kwa mkono wake, ikashika. Akaridhika. Hakujaribu kama mkono wa mtoto nao ungeweza kuibana.

Nyumbani alikuwa amemfundisha: “Wakikuuliza, sema hukumbuki.”

“Hata jina langu?”

“Jina kumbuka.”

Karani wa madai aliwakaribisha bila kuinua macho. Fomu ilikuwa mezani.

“Chanzo cha ajali,” akasoma. “Mstari ni mfupi, mama, kwa hiyo tusirefushe. Mtaro, sivyo?”

“Mtaro.”

“Sawa. Tuangalie na chombo chenyewe.”

Tarishi akaikokota baiskeli kutoka stoo walikoiweka tangu ajali, gurudumu la mbele limepinda kama sahani iliyokaa motoni. Karani akainama, akavuta kitu kwa kidole, kikarudi: tap!

“Na hii nini?”

Lastiki ya buluu, mishono mitatu ya kwenda na kurudi. Ndivyo mama alivyomalizia kila kiuno, maana watoto wanavuta. Wifi akaitazama. Wanawe mwenyewe walikuwa wanavaa mishono ile kila siku. Akageuka, akamtazama mama.

“Nimeifunga mimi!” Chiriku akaropoka. “Niliitoa kwenye kikapu, mama hayupo, nikashona mwenyewe, mama hajui kabisa, hata ukimuuliza hajui!”

“Ulishona kwa mkono?”

“Kwa cherehani.”

Karani akamgeukia mama. Angeweza kunyamaza tu. Chuma kilikuwa pale pale, upande wa pili wa neno moja, na mtoto alikuwa amelibeba tayari neno lenyewe, kama alivyozibeba zile sketi.

“Miguu yake haifiki kwenye kanyagio la cherehani,” mama akasema. “Nimeshona mimi.”

Karani akashusha pumzi, ya mtu ambaye kazi yake imerahisishwa. “Basi, mama. Naandika: uzembe wa mzazi.”

“Andika.”

Akaandika. Akafunika kalamu.

“Bado,” mama akasema. “Andika na mtaro. Kwamba ni wenu, na haukuwa na kamba.”

“Mstari umejaa.”

“Geuza karatasi.”

“Nyuma hakuna sehemu ya kujaza.”

“Ndiyo maana pana nafasi.”

Karani akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake katika kicheko hicho.

“Geuza, baba,” wifi akasema, akiyagonga magongo sakafuni. “Mwenzio kasema la kwake. Na nyie semeni lenu.”

Karatasi ikageuzwa. Aliandika polepole, mama akizifuata herufi moja moja, midomo ikicheza, hadi akaliona neno kamba.

“Kwa hali hii hamtapata yote,” karani akasema. “Labda nusu ya hospitali. Na hiyo nusu mtahangaika nayo.”

“Nusu nyingine ni yangu.” Akatia saini mbele, akatia na nyuma.

Kwenye ngazi alikaa. Akamshusha mtoto kando yake. Wifi akamtazama, akamwekea magongo mapajani, akajiinamisha mbele ya mtoto.

“Panda, we kidomo. Na usininyonge.”

Mama akainuka na magongo, wakaanza kushuka. Chiriku akageuza shingo.

“Mama, sasa wakiniuliza, nikumbuke?”

“Kumbuka yote.”

“Haya. Ilikuwa hivi,” Chiriku akaanza, na mbele yao palikuwa bado na ghorofa tatu.