Mwanamke aliyemzamisha papa potwe arudi majini

Saa mbili asubuhi, mashine ya boti imezimwa. Wageni sita wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia nje, miwani ya maji imewabana nyuso. Katikati yao yuko mwanamke mfupi mwenye kilemba cheusi, ameinua mkono mmoja juu. Mkono huo ukishuka, wote watateleza majini. Haujashuka bado.

Mbele yao kivuli kirefu kuliko boti kinapita polepole chini ya maji. Ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote, ambaye pamoja na mwili wote ule anaishi kwa kula vidudu na vijisamaki visivyojaza hata kijiko. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuogelea ubavuni mwake. Kazi ya mwanamke huyu ni kuwashusha, mgeni asiumie na samaki asikereke.

Wenzake wanamwita Breki. Jina hilo hakupewa kwa sifa.

"Waliniita Breki kwa sababu siku ile sikuwa nayo," anasema akicheka. "Kazini kwetu, mtu mnene ndiye anayeitwa Kimbaumbau."

Siku ile ilikuwa msimu uliopita. Maji yalikuwa yamechafuka, wageni wamengoja tangu asubuhi na mmoja ameshaanza kununa. Breki akaona pezi, roho ikamruka, akashusha mkono. Alidhani samaki anakwenda, kumbe anakuja. Watu wanane wakamwangukia papa usoni.

Papa alizama na hakuonekana tena siku hiyo. Haraka haraka haina baraka, na safari hii hata boti za jirani, ambazo hazikuwa na haraka yoyote, zilikosa baraka pamoja na Breki.

Mabaharia wa boti zote za hapo wana kanuni yao: anayemzamisha samaki anapanda juu. Msimu mzima hashuki majini. Anakaa juu ya paa la boti, juani, akiwatafutia wenzake samaki kwa macho, na malipo yake yanakuwa nusu. Breki, mama wa watoto wawili, alipanda paa hilo huku analia.

"Sikulilia jua," anasema. "Nililia aibu. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kushuka na wageni kwenye boti zetu. Nilijua watasema, si tuliwaambia?"

Walisema, tena bila kunong'ona. Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, hakuongeza lake. Alimshonea kofia pana kama sinia, akamwekea mezani.

"Akaniambia, mama watoto, hata cherehani huwa inarudi nyuma kidogo ili mshono ushike. Nikamwambia, baba watoto, wewe unarudi nyuma kivulini."

Alivaa kofia, akapanda. Wiki za kwanza alikuwa akitafuta pezi, kama kila mtu anavyofanya. Baadaye, kwa kukosa la kufanya, akaanza kumtazama samaki mzima. Aliona kwamba pezi linaweza kumdanganya mtu, lakini kivuli kina upande mpana na upande mwembamba, na ule mpana ndio kichwa. Aliona pia kwamba papa anapokula huwa anazunguka, anakwenda na kurudi palepale. Anayemngoja anamkuta.

Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi chini. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha, ambaye ndiye aliyempandisha juu, alimvuta pembeni.

"Ukimzamisha tena, sikupandishi paa," alimwambia. "Nakuacha ufukweni."

Ndiyo maana mkono haushuki. Mgeni mmoja, mwanamume mrefu aliyevaa jaketi la kuokolea linalombana tumbo, anautoa mrija mdomoni.

"Dada, si yule pale? Tunangoja nini?"

"Tunangoja ageuke, kaka."

"Si ataondoka?"

"Akiondoka tutamtafuta. Tukimrukia hatutampata tena."

Mgeni anamgeukia nahodha, na nahodha anakohoa. "Breki," anasema taratibu, "wageni hawa wametoka mbali."

"Najua, nahodha. Nipe kidogo tu."

Nahodha anakuna kidevu, kisha anaondoa mkono kwenye swichi ya mashine. Kivuli kinafifia, kinakuwa doa. Breki anaogopa, na baadaye hakuona haya kusema hivyo. Kisha doa linaanza kukua. Upande mpana unatokeza kwanza, unakata kona, na papa anawapa ubavu.

Mkono unashuka. Wageni wanateleza majini mmoja baada ya mwingine, bila kishindo.

Chini, mwili wenye madoadoa meupe unapita mbele ya nyuso zao, mdomo wazi kama mlango wa stoo. Breki anaogelea kati ya wageni na mkia, maana mkia ndio unaoumiza. Mgeni mrefu ananyoosha mkono kugusa. Breki anamshika kiganja, anakirudisha kifuani kwa mgeni mwenyewe, na anaendelea kukishikilia. Papa haharakishi. Anakula, anazunguka, anarudi, mpaka wageni wenyewe wanachoka na kuomba kupanda.

"Nilisahau kupumua," mgeni mrefu anasema akiwa ameketi sakafuni, maji yakimtiririka. Anafuta macho.

Nahodha anashika usukani hadi gati linapoonekana. "Kesho kuna kundi kubwa," anasema, macho mbele. "Utashuka nao wewe."

Breki anaitikia kwa kichwa, anavua kilemba, anakikamua. Furaha imemjaa usoni na hajisumbui kuificha. Lakini ana ombi, nalo amelilea msimu mzima kule juu: kila anayetaka kushuka na wageni aanzie juu ya paa, kwa malipo kamili, kabla hajakosea.

"Nani atakubali kukaanga utosi kwa hiari?" nahodha anauliza.

"Mdogo wangu, kitindamimba wetu. Anaogelea kunishinda mimi, ila kungoja hajui kabisa. Nataka kesho nije naye, apande."

Nahodha anaizungusha boti kuelekea gatini, anapunguza mwendo.

"Mwambie aje na maji ya kunywa," anasema. "Huko juu hakuna kivuli."