Nzi wa Maua ya Mibuni

Juzi, huko Buganguzi, nilimwona nzi mwenye mistari kama ya nyuki akielea juu ya ua la mbuni, nikamkumbuka mama.

Alasiri moja ya utoto wangu hapo hapo, enzi za ujamaa, maua ya mibuni yalinukia hadi jikoni. Bwana shamba akaja na bomba la dawa.

"Subiri maua yapukutike, bwana," mama alimsihi. "Nzi bado wanakula humo."

"Ni agizo, mama. Kila shamba."

Dawa ilinuka vikali. Nzi wale wa mistari wakaanguka chini ya migomba. Nilidhani wamesinzia, nikawapulizia pumzi waamke.

Leo najua ndio waliosambaza chavua. Msimu ule tulivuna buni chache. Lakini alasiri ile mama alijua tu kwamba wamekufa. Hata hivyo alipiga magoti, akapuliza pamoja nami.