Siku Mama Yangu Aliporuka Makambako

Jamani, aibu hii nimekaa nayo tangu enzi za Mwingereza, na mwenye kutaka kucheka acheke tu, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka nikiwa shambani napalilia viazi, jembe linasimama lenyewe.

Nilikuwa darasa la nane katika shule ya wasichana ya misheni huku Njombe, na Bibi mkaguzi, mzungu mgeni kabisa nchini, alikuwa anakuja kututahini Kiingereza, kusoma na kuandika, ili achague msichana mmoja tu wa kwenda chuo cha ualimu. Mama yangu alikuwa akikaanga maandazi njia panda ya Makambako na kuwauzia abiria wa malori, na wateja wake wote alikwisha kuwaambia kwamba huyo mmoja ni mimi.

Wiki ya marudio mwalimu wetu, mtu wa Tanga, alijaza ubao maneno ya L na R (sisi Wabena tulikuwa tunayasikia yote sawa, ulimi wetu na R hawajuani), akataka kila neno tuliandike mara kumi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka, miti ya miwati inaonekana nusu, vilele vinaelea peke yake bila mashina, na mimi mtu wa kuota macho wazi nikafunga daftari, nikajiambia nitayaangalia kesho. Kesho yake nikaangalia ukungu tena.

Mtihani ukaja, tukaambiwa tuandike juu ya kazi ya mama. Nilifurahi, nikaandika bila kuinua kalamu, na kila palipotakiwa fry, yaani kukaanga, nikaweka fly, yaani kuruka, wala sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Siku ya majibu wazazi wakaalikwa. Mama akashuka kwenye lori na kapu lake, akapita benchi kwa benchi akisalimia kwa Kibena, "kamwene", na kila aliyeitikia akapewa andazi. Bibi mkaguzi akasimama, bahasha ya chuo mkononi, akasema karatasi moja imemgusa moyo, hajapata kuona mtoto mwenye ndoto nzuri namna hiyo, akaanza kuisoma polepole huku mwalimu akiwatafsiria wazazi sentensi moja moja (maskini, alikuwa anatafsiri kwanza, kufikiri baadaye).

"Mama yangu huruka kila alfajiri kule Makambako. Huruka pamoja na shangazi. Watu wa mbali husimama kumngoja aruke. Mvua ikinyesha haruki. Nikimaliza shule nitaruka naye."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwona. Nilimwona mama yangu juu ya miwati, kanga imejaa upepo wa Makambako, karai mkononi, anakwenda taratibu wala hatazami chini, na nikaona raha kuwa mtoto wake. Nadhani nilitabasamu.

Halafu nikawatazama wazazi. Kwetu mwanamke anayeruka alfajiri, tena na wifi yake, anajulikana ni mchawi, hakuna jina jingine. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameshika nusu andazi akalirudisha kapuni kwa vidole viwili. Mwanamke aliyekaa na mama akasogea mpaka mwisho wa benchi, na waliokwisha kumeza wakaanza kutazamana. Mama akaweka kapu chini, akanitazama mimi, si mwalimu wala mzungu.

"Mwanangu, mimi naruka?"

Bahasha ile ilikuwa tayari na jina langu juu, nililiona kwa macho yangu. Ningenyamaza tu, ningekwenda. Lakini mama alikuwa amesimama peke yake kama mtu aliyeshtakiwa, nami nikainuka, nikawaambia wazazi kwa Kiswahili kwamba mama hukaanga, kosa ni langu, nimechanganya L na R, kisha nikamweleza Bibi mkaguzi kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukamsawijika.

"Kumbe si ndoto," akasema.

"Hapana, Bibi. Ni maandazi."

Watu walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Mzee wa kanisa akalitafuta andazi lake. Bahasha ikafutwa jina, akapewa mwenzangu Twilumba, aliyekuwa ameandika kila neno mara kumi.

Jioni tulikaa na mama barabarani tukingoja lori la kurudi Makambako, kapu tupu, na mimi nilijua amenyamaza kwa aibu niliyomtia mbele za watu. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Ungenyamaza," akasema. "Kuitwa mchawi ningevumilia. Miaka miwili ya chuo si mingi."

Nililia mpaka lori likafika, na nikaapa kwamba sitaandika tena juu ya mama yangu kwa neno nisilolijua.