Kioo cha Rangi ya Chungwa

Dada yangu alipofariki aliacha vijiti vyake vya kioo vya rangi ya chungwa na nusu ya mkufu. Mkufu ulikuwa wa mama. Alikuwa ameuanza kabla mapafu hayajamlaza, shanga moja moja wakati wa mapumziko, na mama alishaambiwa kwa simu kwamba unakuja. Baada ya mazishi nilijiambia nitaumalizia mimi, mama auvae siku ya makumbusho, tutakapokusanyika tena kwetu magharibi kulijengea kaburi. Nilitaka uwe wa kioo kile kile. Hutoka ng'ambo, na mwenye karakana alikuwa amesema haagizi tena.

Karakana yetu iko Loresho, nyuma ya nyumba kubwa, katika vyumba vilivyojengewa wafanyakazi. Tulikuwa watatu: dada, mimi, na mwanamke wa Mombasa ambaye meza yake iligusana na ya dada. Kila meza ina moto wa gesi. Unayeyusha ncha ya kijiti, unakizungusha kioo kwenye waya uliopakwa udongo, na shanga ikishakuwa duara unaitia kwenye tanuri ipoe polepole isipasuke. Mimi nilikuwa wa buluu na nyeupe, za oda za kila siku. Rangi ya chungwa ilikuwa kazi ya dada na yule mwenzake.

Niliporudi kutoka mazishini nilichukua kijiti kimoja nikakitia motoni. Kikaanza kupauka. Kilipoyeyuka kilikuwa manjano hafifu, kisha karibu maji matupu. Niliimaliza shanga ile hivyo hivyo, nikaitia tanurini nikitumaini. Asubuhi ilitoka kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mara ya tatu. Nikajaribu nyingine. Ikawa ile ile.

Nikamtazama yule wa Mombasa. Ufunguo wa kabati la vijiti ulikuwa kwake muda wote nilipokuwa nyumbani.

Niliwahi kununua rangi ya ukuta kwenye maduka ya River Road, kopo zito la kujaa mkono. Nilipolifungua, juu palikuwa na rangi, chini maji. Tangu siku hiyo sinunui kitu bila kukitikisa na kukinusa. Kwa hiyo nilikikwaruza kijiti kwa wembe nione kama kimepakwa. Nikakivunja. Ndani kilikuwa chungwa kama nje. Hilo halikunituliza, lilinifanya tu nimwone mwizi kuwa na akili zaidi. Kisha nikaona vijiti vimepungua. Nilivifunga vilivyobaki kwa uzi mweusi, fundo la kwetu la kufungia mzigo wa kuni, ambalo nilijua mtu wa pwani hawezi kulirudia.

Jumamosi nilishuka mjini nikapita River Road duka kwa duka, nikitafuta rangi ile kwenye kabati za wauza shanga. Kijana mmoja aliniona nikiinama mara ya pili kwake.

"Mathe, unatafuta nini?"

"Shanga za orenji."

"Si hizi hapa? Orenji mpaka inaongea."

"Hizo ni plastiki."

"Kwani plastiki imekatazwa kuwa orenji?"

Wenzake wakacheka. Sikupata kitu, na kutopata hakukumsafisha yule mwanamke. Niliwaza labda ameviuza Mombasa.

Jumatatu alifungua kabati kabla yangu. Akatoa kile kifurushi akakipima mkononi.

"Mwenzangu, umeviroga ama umevikinga? Umevifunga kama hirizi."

Sijui kudanganya. "Uzi ni wa kukuchunga wewe," nikasema.

Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki, akakiweka kifurushi mezani taratibu.

"Nimekuibia nini?"

"Rangi imetoka. Na vijiti ni vichache."

"Kijiti nimetumia kimoja. Mama mwenye karakana alitaka sampuli za mteja wa Kitisuru, na mteja hakuzitaka. Hizi hapa." Akafungua droo, akafungua na pindo la leso. Zilikuwa shanga chache, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, rangi ya dada kabisa. "Nilikuwa nangoja uache kunikodolea macho ndipo nikupe. Na rangi hakuna aliyeiiba. Unaiharakisha. Washa moto."

Niliwasha, mashaka yakiwa pale pale. Kioo kikapauka kama kawaida yake. Nikatengeneza duara.

"Itoe sasa. Itoe motoni, usiirudishe!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka wekundu wa moto ufe ndani yake. Ndipo uirudishe juu kabisa, ndimi zinapoishia, penye joto dogo. Dada yako alikuwa akisema Baba Yetu. Akifika kwenye mkate, anairudisha. Mimi husoma Alhamdu."

Nilimwangalia nione kama anaichezea sala yetu. Hakuwa akiichezea. Na ni kweli nilikuwa nimeona midomo ya dada ikitembea juu ya shanga hizo miaka yote, nikadhani anashukuru kwa kazi.

"Haya, sema," akaniambia.

Sikuweza. Tangu kaburini nilikuwa nikisimama kanisani mdomo umefungwa, wengine wakiisema.

"Sema wewe yako," nikamwambia.

Akasoma, chini chini. Aliponyamaza niliirudisha shanga kwenye joto dogo. Rangi ikapanda kutoka ndani, kama kaa linapopulizwa.

Siku zilizofuata nilijaribu mwenyewe. Mara ya kwanza nilikwama kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Nilikaa hapo muda mrefu mno, na nilipoirudisha shanga motoni ikapasuka. Nyingine niliichoma ikawa rangi ya maini. Nyingine zilitoka sawa. Vijiti viliisha kabla mkufu haujatosha, nikazitunga shanga zangu pamoja na zile za leso. Hata hivyo, kabla ya kuzitunga, nilizipeleka dirishani nikazilinganisha na za dada, moja moja. Uzi mweusi nilikuwa nimeshautupa, lakini macho yangu ni yale yale.

Siku ya makumbusho, wanaume wakichanganya saruji, nilimpa mama mkufu. Mama yangu hanunui kuku bila kupuliza manyoya aone ngozi. Aliutoa nje juani, akauzungusha shanga kwa shanga.

"Zote ni zake?"

"Hapana. Nyingine nimetengeneza mimi."

Akaendelea kuzungusha. Zangu alizijua, alizipita haraka. Kisha kidole kikasimama.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo mkono wake wenyewe."

Ilikuwa mojawapo ya zile zilizotoka kwenye leso. Ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa wamesimama karibu, na mama alikuwa ameanza kulia.

"Hapana, mama. Hiyo ni ya mwenzake wa meza. Mtu wa Mombasa."

Aliitazama tena kwa muda, akiipeleka juani na kuirudisha kivulini.

"Basi huyo alikuwa akimwangalia vizuri," akasema.

Akanigeuzia kisogo nimfungie mkufu.