Samaki Mwenye Mdomo Uliopasuka

Bwana mmoja alikuja Beni kutufundisha semina, akatukalisha kwenye viti vya plastiki katika sale ya paroisse, ukumbi wa kanisa, commune ya Ruwenzori, sisi mama za mashamba. Akauliza: "Mais mama, kwa nini munarudia mashamba yaleyale kwenye waasi walibakamata? Hata samaki ukimukamata na ndoano ukamuachilia, hawezi kuuma tena."

Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Mimi sikucheka. Sikumjibu pia, maana ningefungua kinywa ningemtukana. Namjibu hapa. Samaki anauma tena. Nimemuona kwa macho yangu, na mutoto wangu alimla.

Ilikuwa wakati wa rebellion, vita ya waasi. Tulikaa bondeni, chini ya Butembo, kwa baba mkwe wangu. Alikuwa na étang, bwawa la samaki alilolichimba kwa jembe lake kabla mimi sijaolewa pale. Kwetu bwawa halivuliwi kwa ndoano, linafunguliwa. Saa ikifika unachomoa muanzi unaoziba tundu la ukuta wa udongo, maji yanashuka, tilapia wanabaki wakirukaruka katika matope. Wakubwa unawatia kikapuni, wadogo unawahamisha. Ndoano ni mchezo wa batoto.

Halafu kamanda mmoja wa waasi akahamia nyumba ya kilimani, nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia. Siku moja akashuka na kiti chake na uzi wake, akapenda pale. Akamwambia baba mkwe: "Papa, étang hii hapana fungua. Miye niko napumuzika hapa."

Basi ikawa hivyo. Alikuwa anavuta samaki, anamgeuzageuza juani, anang'oa ndoano hata mdomo unapasuka, halafu anamtupa majini. "Rudia mama yako, ukule, ukuwe!" Askari wake wanacheka. Alikuwa na nyama ya ng'ombe kule juu, hakuhitaji samaki. Alikuwa anacheza na chakula chetu, na mimi nasimama pale na mutoto mgongoni.

Mutoto huyo alikuwa amevimba miguu. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, na alikuwa ameacha kulia, jambo ambalo mama anayelijua analiogopa kuliko kelele. Masista wa kituo cha afya walibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki. Sista akaniambia, "Huyu anakosa samaki, anakosa maharagi. Bugali peke yake itamuua."

Maharagi yalitoka Kirumba, kusini kwetu, na mume wangu ndiye aliyekuwa anayaleta. Lakini askari walimkamata kwenye barabara ya huko, wakamtwisha makasha ya risasi milima yote hadi mabega yakatoka ngozi, halafu siku moja wakamwambia nenda. Akarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo alikuwa anakaa nyuma ya jiko, anachonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeinunua. Ukimtajia Kirumba anasema, "Barabara ile sasa naijua. Haitanikamata tena." Nami sikumlazimisha. Nilikuwa nimeyaosha mabega yale.

Nikaenda kwa baba mkwe. "Tata, tufungue bwawa."

"Atatuchinja."

"Basi nitavua na ndoano, siku akiwa hayuko."

"Vua. Mais watakukatalia. Wote amekwisha kuwapasua midomo. Samaki aliyeonja chuma anakupita akili."

Na kweli walikuwa wanakataa. Hata kamanda mwenyewe alikuwa ameanza kukasirika, anakaa na munyoo wake wa udongo majini hadi jua linapanda, uzi hautikisiki. "Samaki hawa wamepakwa dawa ya vita!" alisema. "Hata risasi haitawapata." Pengine ni neno pekee la mtu yule lililonichekesha.

Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Kila asubuhi ni mimi niliyewalisha. Nilikuwa nagonga jembe kuukuu kwa jiwe, kng, kng, na samaki wanakuja kwenye kona yangu kabla sijatupa majani ya magimbi na makapi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Baba mkwe alikuwa na sheria juu ya kona ile, na wenye mabwawa wote wa bonde letu waliishika: mahali unapolisha, ndoano haifiki. Samaki asije akajua kwamba mkono unaompa na mkono unaomuua ni mmoja.

Niliacha kuwalisha. Sikugonga jembe, sikutupa jani. Baba mkwe akaona samaki wanatafuna udongo wa ukingoni, akanijia shambani.

"Mama, unalisha?"

"Silishi, Tata."

"Sababu gani?"

"Mutoto wangu naye halishwi."

Alinitazama. Nilifikiri atanifukuza. Akaokota jembe lake akaenda.

Siku kamanda alipopanda gari na askari wake kwenda Beni, nilishuka mchana kweupe, mutoto mgongoni. Niliviringa bugali ndani ya makapi ya kasiksi, nikaficha ndoano humo. Kisha nikagonga jembe.

Walikuja. Walikuja wengi hata maji yakachemka. Lakini bugali ilipozama, wakasimama. Wakaizunguka tu. Mmoja akatangulia, mkubwa, mdomo wake umepasuka upande mmoja na kipande cha nyama nyeupe kinaning'inia kama uzi. Akasogea, akarudi nyuma. Akasogea tena, akaigusa, akarudi nyuma. Mtu asiniambie alikuwa amesahau. Nilikuwa namuona anakumbuka.

"Najua unakumbuka," nilimwambia. "Mais uko na njaa. Na mimi niko naijua njaa yako, ni miye niliileta."

Akauma.

Nilipomvuta sikufurahi. Nilimpiga kichwa kwenye jiwe, haraka, nikamfunga kwenye kitenge pamoja na jembe. Sioni haya. Aone haya kamanda wa kwenye kiti.

Jikoni nilimchemsha hadi mifupa ikalegea, nikamlisha mutoto mchuzi kwa kidole, tone kwa tone, maana kijiko alikuwa anakikataa. Baba mkwe akaingia na chumvi kidogo ndani ya jani la mgomba, akaiweka karibu na moto. Chumvi wakati ule ilikuwa kitu cha kuficha. Hakusema neno juu ya kona yake, wala nyama ya samaki hakuionja. Mutoto alipomaliza kidole cha kwanza, akafungua kinywa mwenyewe.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando ya sufuria. Kichwa cha samaki nilikuwa nimekitoa, nikakiweka kwenye sahani. Alikigeuza kwa ncha ya kisu, akaangalia ule mdomo kwa muda mrefu.

"Huyu walikuwa wamemukamata."

"Ndiyo."

"Na akarudi."

"Njaa," nikasema. Nilikuwa nasema juu ya samaki. Naapa mbele ya Mungu nilikuwa nasema juu ya samaki tu.

Alfajiri nilimkuta anakunja gunia.

"Unaenda wapi?"

"Kirumba."

"Ulisema haitakukamata tena."

"Nilisema." Akafunga gunia kiunoni. "Sasa mutoto atakula kichwa cha samaki mpaka lini?"

Ningeweza kumshika shati. Nilimfungia bugali katika jani, nikamsindikiza hadi mahali njia ya bonde inapokutana na barabara kubwa. Hakugeuka.

Siku alizokosekana nilimlisha mutoto kilichobaki cha samaki yule, halafu mwingine mdogo aliyekuja kwa taabu, halafu hawakuuma tena, hata nilipogonga jembe hadi mkono ukachoka. Kila gari lililoshuka kutoka kusini nilitoka kuliangalia.

Alirudi jioni moja ya soko. Gunia lilikuwa nusu, nusu nyingine ilibaki kwenye vizuizi vya askari njiani. Aliliweka chini, akaketi mahali pake nyuma ya jiko. Nilimvua shati niangalie mabega. Kidonda cha zamani kilikuwa kimefunguka.

Sikumuuliza ni nani aliyemtwisha mara hii. Nilichota maharagi, nikayaosha, nikayaweka motoni.