Mkwe Asiyeitwa Jina

Kila asubuhi ya shule Nasieku alikuwa wa mwisho kupanda lori, na akishapanda alifungiwa. Mlango wa nyuma ulipandishwa, mnyororo ukazungushwa, kufuli likabanwa, naye akabaki mle ndani na watoto wa Nduruma wakifinyana, wakitemeana mate, wakigombea benchi mpaka shuleni. Ufunguo ulikaa mbele kwa dereva. Sijui ni nani aliyemtazama mwanamke mtu mzima akaona kwamba hapo ndipo mahali pa kumweka, ila najua kwamba huyo hakuwa mwanamke.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Shule ya kati ilikuwa huko juu, kwenye mteremko wa Meru, penye migomba, kahawa na ukungu, na sisi wa Nduruma tulikaa chini tambarare, tukila vumbi. Njia ya miguu ilipita penye nyati. Wazazi wakachanga, wakanunua lori kuukuu la jeshi lililobaki baada ya vita, wakalivika turubai na kupigilia mabenchi. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Lakini lori lile likifika kwenye kilima cha kupandia barabara ya Moshi lilikuwa likitambaa, na wavulana wakagundua kwamba mtu anaweza kuruka, akavunja muwa katika shamba la watu, akalikimbilia na kudandia tena. Basi kudandia ndiko kukawa masomo yenyewe. Walishindana nani ataruka mbali zaidi, nani atakaa chini muda mrefu zaidi, mpaka siku mmoja wao alipokosa pa kushika, akaanguka, na mguu ukapita chini ya tairi.

Kamati ya wazazi ikakutana. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Gidion, mtu wa kanisani, mpole, ambaye hajawahi kupanda nyuma ya lori lile hata siku moja. Kamati ikakata shauri: lori lizungushiwe wavu wa waya pande zote kama tenga la kuku, mlango ufungwe kwa nje, na mle ndani awekwe mtu mzima wa kutuliza watoto. Mtu mzima akawa Nasieku. Alikuwa mjane wa Kiarusha, shamba la mumewe limeshachukuliwa na shemeji yake, naye akiishi na binti yake Sophia katika kibanda cha kuazima. Mtu wa namna hiyo haulizwi mara mbili. Alikubali shingo upande.

Aliogopa kufungiwa. Hakuwa mwoga wa kitu kingine. Aliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko wa ugali. Lakini kufuli likishabanwa kifua chake kilibana nalo, jasho likamtoka, akashika wavu kwa vidole na kutazama barabara ikimkimbia. Alimwendea mwenyekiti.

"Mwalimu, likitokea jambo mle ndani itakuwaje?"

"Jambo gani, mama?"

"Sijui. Jambo lolote."

"Utamwita dereva," akasema Mwalimu Gidion, akamwombea baraka, akaenda zake.

Dereva aliitwa Sironka. Alikuwa kijana wa pale pale, aliyejifunza gari kwenye shamba la mkonge, mwenye adabu na mkono mtulivu. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na bati, na katika bati kidirisha kidogo. Mwanzoni waliagana kwamba ukipigwa bati, atasimama. Siku ya kwanza bati likapigwa, akasimama, akashuka, akafungua, akakuta watoto wanacheka mpaka machozi. Siku ya pili vile vile. Baadaye wakaanza kupiga na kupaza sauti: nyoka! moto! mwenzetu ameanguka! Kila mara alishuka, na kila mara walicheka. Mwishowe Sironka akamwambia Nasieku, "Mama, hawa watanitia wazimu. Wapige bati, waite mpaka koo zikauke, mimi sisimami. Nitasimama nikisikia wewe umeniita jina langu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtoto akitapika, au akizirai kwa njaa, Nasieku alisogeza mdomo kwenye kidirisha akaita, "Sironka!" na lori likasimama. Kwa muda jambo hilo lilimtuliza kidogo.

Kisha Sironka akampenda Sophia. Sophia alikuwa akimletea mama yake kibuyu cha maziwa pale kwenye lori kila asubuhi, na yule dereva, ambaye zamani hakuwa na muda wa kusubiri mtu, akawa hana haraka kabisa. Wazee wakatumwa. Posa ikakubaliwa. Shemeji wa Nasieku, kwa sababu ambazo mpaka leo nadhani ni pombe, alikubali mbele ya wazee kwamba katika ng'ombe wa mahari wawili wa maziwa wabaki kwa mjane. Ng'ombe wawili walimtosha. Angeuza maziwa, angelipia kibanda, angeacha lori. Nasieku alilia kwa furaha, tena hadharani.

Ila kwetu Waarusha mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Tangu siku ile, Sironka akimwona Nasieku anakuja aligeuza uso pembeni na kumpisha njia, na watu wakasema, mnaona, huyo ameshakuwa mkwe. Na jina lake halikuruhusiwa tena kutoka kinywani mwa Nasieku. Wakwe huitana kwa mnyama waliyepeana. Kijana akishaleta kondoo, wataitana Paker, yaani wa kondoo, na maisha yatakwenda. Lakini kondoo alikuwa bado. Baba yake Sironka alisema atamleta baada ya mvua, pamoja na ng'ombe. Kwa hiyo kwa miezi ile ya katikati Nasieku hakuwa na neno hata moja la kumwitia yule kijana. Kamati ingeweza kumtafuta mtu mwingine akae mle nyuma kwa muda. Hakuna aliyewaza hilo, na Nasieku hakusema, maana mtu akishaondoka kazini nani anajua kama atarudi. Sironka naye, kwa heshima, alikata kipande cha gunia akakipigilia kwenye kidirisha, mama mkwe asione hata kisogo chake. Wazee walimsifu sana kwa gunia lile.

"Na ukisahau ukamwita, mama?" Sophia alimwuliza.

"Sitasahau."

"Ukisahau je?"

Nasieku alikuwa akipepeta mahindi, akaendelea kupepeta. "Baba yake atasema nimemvua nguo mwanawe mbele ya watu. Unamjua yule mzee. Atavunja posa, na mimi nitazeekea kwenye lile tenga."

Basi akanyamaza. Watoto, ambao hunusa mambo haraka kuliko mbwa, waligundua mara moja kwamba mama yao wa lori hawezi tena kusimamisha gari. Zile fujo zilizokuwa zimepungua zikarudi kwa kasi. Walipiga bati njia nzima, wakaimba wakiigiza, "Dereva! Dereva!" Nasieku alichapa mikono, akavuta masikio, akaomba. Kila kufuli lilipobanwa alijiambia: baada ya mvua.

Mvua zilikuwa karibu, ndiyo maana shule ikaagiza nyasi. Paa la jiko la shule lilikuwa limeoza, na kule juu kuna migomba lakini hakuna nyasi za kuezekea. Kila mtoto wa Nduruma aliambiwa aje na mzigo wake. Walikuja nazo zimekauka, zikatiwa chini ya mabenchi, juu ya mabenchi, kati ya miguu ya watoto, mpaka Nasieku akawa hana pa kuweka nyayo. Alitazama nyasi, akatazama mlango. Sironka alikuwa ameshageuza uso pembeni, anafunga.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la nane, Eliamini, aliyeanza kuota ndevu na akadhani hizo ndizo akili. Alikaa nyuma kabisa akivuta sigara aliyoifumbata mkononi, moshi ukitoka kwenye wavu. Lori lilikuwa limeanza kupanda kilima Nasieku aliposikia harufu.

"Eliamini! Unavuta nini?"

"Sivuti kitu, mama." Na kwa kuficha, akakishindilia kile kipande chini ya benchi.

Nasieku hakuwa amemaliza kumwendea moto ulipochomoza. Ulianza kwa ukimya, chini, kisha ukapanda mgongo wa benchi. Wavulana walivua mashati wakaupiga, wakautawanya. Upepo ulipita kwenye wavu na kuupulizia. Watoto wakakimbilia mbele, wote kwa pamoja, wakambana Nasieku kwenye bati, wadogo wakikanyagwa. Mlango ulikuwa upande wa moto, na hata usingekuwa upande wa moto, ulikuwa na kufuli.

Walipiga bati. Walilipiga kwa ngumi, kwa vibuyu, kwa vichwa. "Dereva! Moto! Dereva!" Mbele, Sironka alisikia kelele zile zile za jana na juzi, kwa maneno yale yale, na injini ilikuwa ikinguruma kwa mzigo na kilima. Aliendelea kupanda. Simlaumu. Alikuwa akifanya kama walivyoagana.

"Simamisha!" Nasieku alipaza sauti. "Wee, simamisha!" Sauti yake ilizama katika sauti za watoto. Moshi ulimwingia kooni. Na hapo, naona aibu kwa niaba yetu sote kulisema, yule mama alisita. Ndani ya moshi ule, mtoto wa mtu amemshika kiunoni, aliona uso wa Sophia, aliona ng'ombe wawili, akaona na mzee baba yake Sironka amesimama kwa fimbo yake. Aliogopa kumwita mtu jina kama anavyoogopa moto. Ndivyo tulivyomfundisha.

Kisha akalishika lile gunia akalichana, akaingiza mdomo kwenye kidirisha.

"Sironka!"

Aliona kisogo cha kijana kikikakamaa kama mtu aliyepigwa kofi. Lori liliendelea hatua chache.

"Sironka! Sironka! Watoto wanaungua!"

Breki zililia. Sironka alizunguka nyuma, akauona moto, akapiga yowe, na ufunguo ukawa hauingii. Ulipoingia, mlango uliteremka na watoto wakapita juu ya moto wakimwagika barabarani, wakubwa wakiwabeba wadogo. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa kando ya barabara walikuja mbio na ndoo. Nasieku alitoka wa mwisho, msichana mdogo wa darasa la tano kifuani, mikono yake mwenyewe imebabuka mpaka viwikoni. Turubai liliteketea lote. Hakufa mtoto hata mmoja.

Mngedhani hadithi inaishia hapo, kwa ngoma. Kabla ya jua kuzama Nduruma nzima ilikuwa inajua, si habari ya moto, bali kwamba mama mkwe amemwita mkwe wake jina, mara tatu, mbele ya wanawake wa kahawa. Na walioieneza habari ni wale wale watoto. Waliigeuza kuwa mchezo: mmoja alikuwa moto, mmoja dereva, na mmoja alijishika koo na kuita kwa sauti ya Nasieku, "Sironka! Sironka!" wengine wakaanguka kwa kicheko. Niliwaona wakicheza nyuma ya kanisa. Nilitamani kuwachapa wote.

Kamati ilikutana tena. Mwalimu Gidion alitokwa machozi, akamshukuru Nasieku mbele ya wazazi, akasema kuanzia sasa kufuli litafungwa kwa ndani, na ufunguo atakaa nao yule mama mwenyewe. Wazazi walipiga makofi. Nasieku alikaa na mikono yake iliyofungwa majani ya mgomba na vitambaa, akisubiri mtu aseme lile jingine. Hakuna aliyelisema. Halikuwa jambo la kamati.

Lilikuwa jambo la wazee, nao walikaa kwa baba yake Sironka, mara ya kwanza na mara ya pili, bila kumwita Nasieku. Akasikia kwamba wengine wanasema moto ni moto, asamehewe, achinjwe kondoo, yaishe. Akasikia kwamba mzee anauliza, leo moto, je, kesho akimwita kwa sababu ya chumvi? Sironka alikutana na Sophia mtoni akamwambia, "Mimi sina neno na mama. Ni baba." Sophia alirudi na ndoo tupu. Nasieku akaitazama ile ndoo, na usingizi ukamhama.

Lori lilipata turubai jipya. Asubuhi ya kurudi shule Nasieku alisimama kando ya barabara na watoto, mikono bado imefungwa, ufunguo ukining'inia shingoni. Hakuna aliyemletea jibu la wazee, lakini alijua atalijuaje. Sironka akigeuza uso, bado ni mkwe wake. Alijiambia hivyo tangu alfajiri, akawa anaomba Mungu, ageuze uso, ageuze uso tu, mengine nitayavumilia.

Lori likaja, likasimama. Sironka alishuka, akazunguka kuja kuteremsha mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. Alifika mbele ya Nasieku, akasimama, akamtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

Watoto waliacha kusukumana. Nasieku alitafuta pa kushika, akashika mlango wa lori kwa vitambaa vyake.

"Marahaba, Sironka," akasema, akapanda.