Hedwiga Asoma Nywele za Mama

Hedwiga alikuwa msusi Ngarenaro, na mdomo wake haukuwa na breki. Soko huria lilijaza mtaa saluni za dawa za nywele, yeye akabaki na kitana na vidole vyake. Mwaka 2007 mama yake alishuka kutoka Kibosho kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu. Hedwiga akamkalisha kibarazani amsuke, na alipopasua njia ya kwanza akainama kuzitazama nywele.

Nchani mvi za mama zilikuwa na nguvu. Karibu na ngozi, zilizoota karibuni, upana wa vidole viwili, zilikuwa nyepesi na zinakatika.

“Mama, huko nyumbani unakula?”

“Nakula vizuri, mwanangu.”

Siku nyingine angenyamaza. Kwa Wachaga, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba na kumtunza mama, na binti aliyeolewa akihoji anachokoza vita. Lakini juzi yake mteja mmoja, mwalimu, alimwachia gazeti lenye habari ya binti aliyekutwa ameganda kwa barafu juu ya mlima kule Argentina, ameketi, nywele zimesukwa vimsuko vidogo vidogo. Wainka, watawala wa kale wa milima ile, walimtoa sadaka miaka mia tano iliyopita. Wataalamu walipopima nywele zake wakajua alikua akila viazi, kisha mwaka wa mwisho akalishwa nyama na mahindi, chakula cha wakubwa. Hedwiga aliwachukia waliomlisha mtoto vizuri ili wakamtoe sadaka kwa mlima. Wataalamu, hata hivyo, aliwaona wasusi wenzake.

Kwa hiyo aliiamini mikono yake. Akampigia simu mdogo wake, Aloisi, aliyebaki na mama nyumbani.

“Mnamlaza mama njaa!”

Aloisi akawaka. “Dada, usituchafulie jina! Mke wangu anapika makande, anapika nyama, mama anagusa anaacha!”

Mama akamshika Hedwiga mkono. “Mwache mwenzio. Magego yameisha. Vyakula hivyo vinanishinda.”

“Si ungeomba mtori?”

Mama akainamisha uso. “Mtori ni wa mzazi aliyetoka kujifungua. Na miaka yangu sabini na nane, nimwambie mkamwana anipikie chakula cha uzazi? Kibosho nzima ingenicheka.”

Hedwiga alicheka huku machozi yanamtoka. Akamweleza Aloisi na kumwomba radhi, naye upande wa pili akauliza kwa aibu mama anaupenda mtori mzito au mwepesi. Jioni ile, jikoni kwa Hedwiga, ndizi zilipondwa na nyama laini mpaka zikalainika kabisa, na mama akamaliza bakuli mbili.

Siku ya kipaimara alikula tena mtori wake mbele ya wageni. Agnela, jirani yake wa Kibosho, akamkuta na bakuli.

“Hongera, mama! Umejifungua mtoto gani?”

Watu wakaangua kicheko. Hedwiga akaacha kupakua, roho juu. Mama akafuta midomo taratibu.

“Wa kike,” akasema. “Ana kelele, lakini ameniona.”